Gridi Haitunzi Madeni ya Wateja

Mwandishi mmoja ameshikilia kwamba mwenye duka la jumla mjini Arua, Uganda, hana haja ya kulipia nakala rudufu za mafaili yake: umeme wa gridi ya taifa umefika tangu 2024, kompyuta hazizimiki ovyo tena, na pesa hiyo afadhali inunue bidhaa. Sikubaliani naye hata kidogo.

Umeme kukatika ni balaa moja tu. Kompyuta huibwa, diski huchakaa, virusi hufunga mafaili, duka huungua. Gridi haizuii hata moja kati ya hayo. Na wapo wanaodhani wamejikinga, kumbe flashi yenye nakala imelala kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta. Mwizi akija, anabeba vyote viwili.

Wewe mfanyakazi unayebishana na bosi, acha habari za seva. Mwombe ataje, bila kuwasha kompyuta, anamdai nani kati ya wateja wa Koboko, Ariwara na Yei, na kiasi gani. Akikwama, mwambie hiyo ndiyo hasara yenyewe. Mwongezee kwamba sheria ya Uganda inamtaka atunze kumbukumbu za kodi kwa miaka 5.

Gharama yenyewe ni diski mbili za nje zinazopokezana, moja ikilala nyumbani kwa bosi. Intaneti isitegemewe peke yake. Januari 2021 ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Na kila mwezi mafaili machache yarudishwe kutoka kwenye diski, yafunguliwe, yasomwe.

Bosi, nunua diski hizo kabla ya shehena ijayo.