Chanda Chema si Lazima Kiwe Kirefu

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, watahiniwa waliozoa alama ya A hubebwa mabegani kwa nyimbo na vigelegele. Ni haki yao, kwani wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Lakini, ndugu mwalimu, zingatia kwamba methali yataja chanda chema, wala si chanda kirefu kuliko vingine.

Je, mwanafunzi aliyepanda kutoka D hadi C atavishwa pete na nani? Na yule aliyeandika insha nzima kwa mara ya kwanza bila kuchanganya ngeli? Asiposikia neno hongera, huamini kwamba jasho lake limemwagika bure, akakata tamaa.

Tumkumbuke marehemu Kimani Maruge. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo katika shule za msingi. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kufanya mtihani wa darasa la nane. Hata hivyo, ni nani atakayethubutu kusema hakufaulu?

Sisemi watu wasifiwe ovyo; sifa isiyo na sababu ni ulaghai. Mwalimu na ataje hasa kilichofanywa vyema. Nawe mwanafunzi, usingoje tarumbeta: pima ulipokuwa jana na ulipo leo, kisha ujipongeze.