NAKALA ISIKAE NYUMBA MOJA NA ASILI

Barua nyingi za kazi hazikai tena katika makabati ya chuma; zakaa katika seva. Humo mna maombi ya likizo, vibali vya malipo, mihutasari ya mikutano ya matawi, na malalamiko ya wafanyakazi juu ya mishahara na michango ya pensheni. Siku seva hiyo itakapokufa, mkubwa huenda akapata njia ya kujieleza. Lakini mfanyakazi ambaye haki yake yote ilitegemea barua moja, atashika nini mkononi?

Kwa hiyo twasema kwamba kuweka nakala za akiba za barua pepe si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni jambo la uongozi, na ni jambo la kila mwanachama na kila mfanyakazi.

Mashirika mengi yana vikoa kadhaa vya mtandao: makao makuu yana chake na mikoa ina vyake, kila kimoja na seva yake ya barua na maneno yake ya siri. Wapo wanaodhani kuwa kazi imekwisha pale seva ya pili inapoambiwa iige kila linalofanywa na ya kwanza. Hao wanajidanganya. Seva pacha husaidia mashine moja ikiharibika. Lakini barua ikifutwa huku, hufutwa na kule, na ugonjwa ukiingia huku, huambukiza na kule.

Mifano ipo. Mwezi wa Februari 2011 kosa la programu liliwafanya baadhi ya watumiaji wa Gmail waone visanduku vyao vitupu, ijapokuwa barua zilikuwa na nakala katika vituo mbalimbali. Kilichoziokoa ni tepu, kwa kuwa hizo hazikuwa zimeunganishwa na mtandao.

Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kiitwacho NotPetya kiliivamia kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Seva zilizotawala vikoa vyake, zipatazo 150, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Nazo zikafutika pamoja. Ilisalia moja tu, nayo ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio. Kampuni ikalazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10. Tajiri mkubwa kama huyo aliokolewa na kukatika kwa umeme! Sisi hatuna haki ya kungoja bahati ya namna hiyo.

Yapasa basi kanuni zifuatwe. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali, nje ya jengo. Nakala ya kikoa kimoja itunzwe katika kikoa kingine. Mashine ya akiba ndiyo iende kuchota barua katika kila kikoa, na seva za barua zisiwe na ruhusa ya kuingia humo. Mashine hiyo iwe na maneno yake ya siri, ili mwizi aliyeiba ufunguo wa mlango mmoja asifungue yote. Tena zisinakiliwe barua peke yake: orodha ya watumiaji na mipango ya seva ni lazima pia, kwani bila hiyo hata barua zilizosalimika hazimjui mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, isipofunguliwa. Kila baada ya miezi mitatu barua zirudishwe katika mashine ya pembeni, na wenyewe waitwe wazikague. Nakala ambayo haijapata kurudishwa ni tumaini tu.

Tunajua kwamba tepu na diski zina gharama, na kwamba fundi huambiwa kila mwaka angoje bajeti. Fundi huyo asibebeshwe lawama ya wale waliomnyima vifaa. Wafanyakazi na wawaulize viongozi katika mikutano yao: Nakala za barua zetu ziko wapi? Nani ana ufunguo wake? Ni lini zilijaribiwa mara ya mwisho? Kiongozi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hajaitunza amana aliyokabidhiwa.