Nani Kasema Moro Hakuna pa Kumpeleka Mtu?

Test zimeisha, bumu limeingia, na kila korido ya hosteli wimbo ni ule ule: "Moro hakuna pa kumpeleka mtu." Mwenye vijisenti anakimbilia Dar na mchumba wake, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 ndio kabisa, Ijumaa kampasi inabaki na kunguru. Asiye nacho anabaki anamwonyesha mwenzake picha za Ufaransa kwenye simu: wapenzi wawili, kigari kidogo, vijiji vyenye maua madirishani, mashamba ya mizabibu mpaka macho yachoke. "Siku moja, beibi."

Leo nagombana na hiyo "siku moja".

Tuanze na hao hao Wafaransa. Kule Alsace njia yao ya mvinyo ilizinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kama kilomita 170, na inapita kijiji hadi kijiji. Mnadhani watu wanafuata maua tu? Zabibu inalimwa pale, inakamuliwa pale, na chupa unaweza kuinunua kwa mkulima mwenyewe. Wapenzi wakifika wanakula pale, wanalala pale, wanaondoka na katoni. Hela yao inabaki kijijini, na ndiyo inayosaidia kupaka rangi yale madirisha mnayoyatamani.

Sasa geuza shingo. Mlima uko nyuma ya bweni lako! Shika barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga kata kushoto, pita Mzumbe, pita Mlali, halafu anza kupanda kwenda Mgeta mpaka Langali na Nyandira. Kona baada ya kona, matuta ya karoti, kabichi, njegere na viazi yamening'inia kwenye miteremko ambayo mimi nikisimama tu naona kizunguzungu. Msimu ukifika kuna pichi na plamsi. Kuna mpaka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 na SUA ikiwa na mkono wake humo. Halafu mtu wa SUA huyo huyo ananiambia Moro hakuna kitu. Jamani!

Mimi na mwenzangu tulikwenda mwezi uliopita, asubuhi na kurudi jioni. Vumbi tulikula, sikatai. Lakini tulikula pia wali maharage kwa mama mmoja aliyetusimulia kwamba kwa desturi ya Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mwenzangu akanyamaza kidogo, mimi nikaomba niongezewe maharage.

Najua mtasema barabara mbaya. Ni kweli, mvua zikikolea hapafai. Mtasema hakuna hoteli ya maana. Sawa, lakini nani atajenga ya maana kwa wateja wanaopita na chapati zao kwenye begi? Na hapa nawasema wale wa Morningside. Mnapanda mpaka kwenye lile jumba la enzi za Mjerumani, mnapiga picha hamsini, mnashuka. Maji mlibeba, biskuti mlibeba, chupa tupu mkaacha. Mwenye ndizi njiani anawasalimia, mnamjibu huku mnapita. Huko siyo kutembea, ni kupita tu.

Mlima ule siyo pazia la studio. Mwaka 1955 watu walifanya ghasia Matombo, upande wa mashariki, wakipinga mkoloni kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwa mpango wake, na mtu mmoja alikufa. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar, huko mnakokwenda kula aiskrimu, chanzo chake ni milima hii hii. Watu wa juu wanalima, wanatunza vyanzo, halafu kabichi linapakiwa kwenye lori na bei anapanga mwenye lori. Darasani tunaita hilo tatizo la mnyororo wa thamani, tunapata B+, tunalala.

Na wakaka, msitusingizie sisi wasichana kwamba tuna gharama. Nauli ya Dar kwenda na kurudi, ukichanganya na sinema na chipsi kuku, hiyo ni siku nzima Mgeta na kapu la mboga la wiki mbili. Mkitaka mvinyo, nao upo. Zabibu ziko Dodoma, jirani zetu hapo, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Nunua chupa ya Dodoma, achana na ya Afrika Kusini, beba glasi mbili, panda nayo. Tayari una Ulaya yako, tofauti ni kwamba hela imekwenda kwa mtu anayefanana na shangazi yako.

Sisemi wikiendi moja ya wanachuo itamaliza umaskini wa Uluguru. Nasema tuko maelfu hapa chini, na kila mmoja akisimama mara moja kwa muhula, akanunua, akala, akauliza habari, yule mama ataongeza sufuria, na jirani yake ataweka benchi. Vijiji vya watu vilianza hivyo hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, ukimshika mwenzako mkono, usiulize pa kwenda. Angalia juu.

Naomba kuwasilisha.