Mutoto aliyefungiwa chini ya udongo

Leo hatutasema juu ya bei ya shaba wala juu ya mishahara inayochelewa. Tutasema juu ya muchezo wa video. Tunajua wengine watacheka na kuuliza kama gazeti limekosa habari. Lakini wakati baba yuko poste ya usiku, na mama alitoka tangu asubuhi kwenda sokoni, mutoto anabaki na nani? Mara nyingi anabaki na maneti mukononi, kwa jirani ao mu kale kachumba ka michezo kwenye kona ya avenue, pale wanapolipa feza kidogo na kucheza kwa zamu. Sisi wazazi tunamuuliza saa gani atarudi. Hatumuulizi aliangalia nini.

Basi tulienda kuangalia. Tulikuta PlayStation 3 ya zamani, televizio moja, na watoto saba wamebanana juu ya benchi. Kwenye televizio kulikuwa korido ya ofisi, taa zinawaka na kuzimika. Mwisho wa korido alisimama binti mudogo wa nguo nyekundu, nywele nyeusi zimemufunika uso. Kijana aliyeshika maneti aliacha kupiga bunduki. Benchi lote likanyamaza. Kisha yule mudogo kuliko wote akasema kwa sauti ya chini: "Njo Alma huyo. Acha kumupiga, risasi haimuwezi."

Muchezo huo unaitwa F.E.A.R. Zile herufi, ukizisoma pamoja kwa Kiingereza, zinakuwa neno la woga. Ulitengenezwa Marekani na studio ya Monolith Productions, ukatoka mwaka wa 2005 kwa watu wa ordinatere, kisha ukafika kwenye PlayStation 3 mwaka wa 2007. Sehemu ya pili ilifuata mwaka wa 2009. Ya tatu, iliyofanywa na studio nyingine, Day 1 Studios, ikatoka mwaka wa 2011. Sehemu ya nne haikutoka, na Monolith yenyewe ilifungwa na wenye mali mwaka wa 2025. Kule ulikozaliwa ni muchezo wa zamani. Kwetu, mu mashine za okazio, ungali mupya.

Namna ya kuucheza ni hii. Unaona kwa macho ya askari. Unaona mikono yake na bunduki, na ukiangalia chini unaona mwili wake vilevile. Askari huyo hasemi hata neno moja, na jina lake la kweli hutaambiwa. Maadui wana akili: ukijificha pahali pamoja, wanazunguka na kukutokea nyuma, wanapindua meza na kujikinga, wanaitana kwa sauti. Wewe una nguvu moja ya pekee, ya kufanya wakati utembee polepole, mpaka unaona risasi ikipasua hewa. Tuseme kweli: kazi ile ilifanywa na mafundi. Hata leo kuko michezo mipya ambayo askari wake ni wajinga kuliko hawa.

Lakini risasi sizo zinazofanya watoto wakose usingizi. Kinachotisha ni kimya kinachofuata. Vita inaisha, unatembea peke yako mu ofisi tupu, redio yako inaanza kukwaruza, na hapo unajua ya kuwa yuko karibu. Kuko pahali pamoja unageuka kusudi ushuke ngazi, na yule binti amesimama mbele ya uso wako. Hafanyi kitu. Anakuangalia. Tangu mwanzo umefundishwa kwamba bunduki inamaliza kila shida, na sasa unaona ya kuwa hapa haina kazi.

Alma ni nani? Hapa ndipo muchezo huu unagusa watu kama sisi, watu wa kompani na wa mashimo. Alma alikuwa binti ya Harlan Wade, mutu wa utafiti katika kompani moja ya kutungwa, Armacham, inayotengeneza vitu vya vita. Alizaliwa na nguvu katika akili: alisikia mioyo ya watu wengine, na alipokasirika aliweza kuwaumiza. Baba mwingine angemutafutia mutoto wake musaada. Huyu na wenzake waliona ndani yake mali ya kuchimba. Wakamulalisha kwa usingizi wa dawa, wakamufungia katika chumba kilichozibwa, chini sana ya udongo. Wakatumia tumbo lake akiwa amelala, kusudi azae wakubwa wa vita wenye kuongoza askari kwa mawazo tu. Akazaa watoto wawili wanaume. Wote wawili wakanyanganywa. Mwishoni wakazima mashine zilizomupa uzima, wakamuacha afe. Mwili ulikufa, lakini kasirani haikufa.

Na wewe muchezaji, yule askari unayemuongoza ni mutoto wake wa kwanza. Hajui. Adui anayemufuata, Paxton Fettel, ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mambo hayo hakuna mutu anayekufasiria vizuri. Unayaokota kidogokidogo, kwa kusikiliza sauti zilizobaki mu simu za ofisi. Wafanyakazi wanauliza, wakubwa wanajibu kwa maneno ya kuzunguka. Nyuma ya yote, wakati pahali pale pamelipuka na watu wengi wamekufa, unasikia simu ya mwisho. Mukubwa wa kompani, mwanamuke anayeitwa Genevieve Aristide, anamuelezea seneta mumoja ya kwamba hali iko mikononi mwao, na kwamba jaribio la kwanza lilifaulu. Mufanyakazi yeyote aliyesimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya ajali atatambua sauti ile. Makaburi hayajafungwa, na karatasi tayari inasema hali imetulia.

Kwa hiyo hatukubali wale wanaosema ya kuwa huu ni upuuzi wa kupiga-piga tu. Ile sehemu ya kwanza ina neno la kusema: kosa ulilozika chini ya udongo halibaki kule.

Lakini hatutasifu yote. Kwanza, korido na magodauni yake yanafanana mpaka unachoka. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: katika mwisho wa sehemu ya pili, Alma, aliyekwisha kuwa mwanamuke, anamushika askari Becket kwa nguvu akiwa amefungwa kwenye mashine, na anapata mimba. Huo ni ubakaji, hata kama anayeteswa ni mwanaume. Waliotengeneza muchezo waliutumia kama kitu cha kushitusha, kisha wakafunga pazia. Mu inchi yetu, ambamo jamaa nyingi zinabeba kidonda hicho, hatuwezi kukihesabu kuwa mapambo ya mwisho wa hadisi. Na mutoto wa miaka kumi hapaswi kukionea mu kachumba ka kona, bila mutu mukubwa wa kumufasiria.

Sehemu ya tatu, watu wawili wanaweza kuicheza pamoja, mumoja akiwa yule askari na mwingine akiwa Fettel, ndugu yake, aliyerudi kama muzimu. Ni furaha kwa marafiki, tunakubali. Lakini woga umepotea, kelele imechukua nafasi yake. Alma mwenyewe amebaki tumbo la kungojewa lizae. Hata watengenezaji wake walimufanya tena kile kompani ilimufanya.

Na katika sehemu zote tatu, bunduki inakupeleka mbele ya yule aliyeteswa. Harlan Wade anakufa kwa mikono ya binti yake, ndiyo. Lakini wale wengine waliotia sahihi? Hakuna hata pahali pamoja katika muchezo ambapo unaingia mu tribinali.

Hatukuwaza hilo sisi wenyewe. Ni yule mudogo wa kwenye benchi aliyetuuliza. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akageuka: "Sasa ile kompani, nani aliwafunga?" Kijana wa maneti akamujibu: "Hakuna. Muchezo umeisha." Yule mudogo hakufurahi na jibu. Baba yake anashuka shimoni kila siku.

Wengine watasema: tuchome diski zote, tufunge vyumba vyote, ni kazi ya shetani. Tunaheshimu woga wao. Kuko watoto wanaoogopa kutoka inje usiku kwa sababu ya yule binti wa nguo nyekundu, na muzazi anayemusikia mutoto akilia usingizini hana saa ya kusikiliza maneno yetu juu ya ufundi. Lakini ukifunga chumba hiki, kesho kitafunguliwa avenue ya pili. Wengine watasema: acheni watoto wacheze, si damu ya kweli. Hao vilevile hatuwafuati. Kule Ulaya, boxi la muchezo huu lina alama ya 18. Marekani wameandika 17 na zaidi. Si watu wa dini walioweka alama hizo, ni watu wa biashara ya michezo wenyewe. Kwetu muchezo unafika umekopiwa ndani ya mashine, bila boxi, na alama inabaki kule kule. Onyo linawafikia watoto wa wengine, wetu linawapita.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye vyumba vya michezo: muchana, wakati wadogo wako pale, wekeni mpira ao mbio za magari, F.E.A.R. na michezo ya namna ile ingojee wakubwa. Hamutapoteza wateja, mutapata heshima ya wazazi. Wakubwa wa muji: mbele ya kuja kutoza taksi mu vyumba vile, ingieni kwanza muangalie watoto wana miaka mingapi.

Na wewe baba, wewe mama: kijana wako akiwa mukubwa wa kutosha, kaa naye saa moja tu. Usianze kwa kupiga kelele. Muulize: "Alma ana kasirani juu ya nini?" Utashangaa namna anavyojua kujibu. Maneti anayoshika ina betri, na betri za namna ile zinatengenezwa na kobalti, kile kile tunachochimba hapa. Udongo wetu ulienda ngambo, ukarudi na hadisi ya mutoto aliyefungiwa chini ya udongo kwa faida ya kompani. Ni vizuri tuisikilize pamoja nao, kusudi wasibaki peke yao na woga wake.

Na kama mutoto wako akikuuliza nani aliwafunga wakubwa wa ile kompani, usimujibu ya kuwa muchezo umeisha. Mwambie ya kuwa kwa kazi ya kweli kuko sheria, kuko delege wa wafanyakazi, kuko tribinali, na kuko watu wanaokataa kunyamaza. Halafu sisi wakubwa tufanye hivyo, kusudi neno lile lisiwe uongo.