Chama Kinapokuwa Mnunuzi, Mlinzi na Hakimu



Mara nyingi tunasikia ikisemwa, "Siasa tuwaachie wanasiasa, sisi tutafute riziki yetu." Kauli hiyo ina sura ya busara, lakini haina ukweli. Bei ya zao la mkulima, ushuru anaokatwa na siku atakayolipwa ni mambo yanayoamuliwa na wenye mamlaka. Na wenye mamlaka hutoka katika chama. Kwa hiyo, hapana budi tujiulize: chama kinaposhika serikali, uchumi wa nchi unapatwa na nini?

Hatuandiki kwa ajili ya kukipigia debe chama chochote, wala kukibomoa. Tunataka kulitazama zao moja, korosho ya mikoa ya kusini mwa Tanzania, kwa kuwa historia yake inafundisha kuliko hotuba nyingi.

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa tani 16,500 tu. Mikorosho ilikuwa ile ile, na ardhi ile ile. Je, kilitokea nini?

Ni haki kutaja kwanza yale ambayo hayakuwa kosa la mtu. Ugonjwa wa ubwiriunga uliishambulia mikorosho. Bei ya mafuta ilipanda duniani kuanzia 1973, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha hazina. Lakini sababu nyingine zilitoka katika maamuzi ya watu. Katika Operesheni Vijiji wakulima wengi walihamishwa wakaziacha mbali mikorosho yao, nayo ikamezwa na vichaka. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa, chama kikawa na kauli ya mwisho juu ya vyombo vyote vya dola. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, na kazi yao ikakabidhiwa mamlaka za mazao zilizokuwa chini ya serikali. Bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo mno, naye akaona hakuna faida ya kupalilia.

Tuangalie vizuri palipo kiini cha jambo. Hatusemi kwamba viongozi wa wakati ule walikuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa na nia njema. Shule zilizojengwa na watu wazima waliofundishwa kusoma ni ushahidi. Tatizo ni kwamba aliyenunua zao, aliyepanga bei, aliyesimamia mizani na aliyesikiliza malalamiko walikuwa na bwana mmoja. Mkulima aliyepunjwa alimshitakia nani? Ngedere akishitakiwa kwa nyani, hukumu inajulikana kabla ya kesi kuanza. Asiyeweza kusema "hapana" kwa mdomo husema kwa jembe: huliweka chini. Ndivyo uchumi unavyokufa, kimya kimya, shamba baada ya shamba.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini bado chini ya kivuli cha chama. Sheria ya 1991 ndiyo iliyoutambua kuwa mali ya wanachama wenyewe. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarudi.

Je, tangu hapo mambo yamenyooka? Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 310,000. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya fedha iliyofuta utaratibu wa kurudisha sehemu kubwa ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje katika kuliendeleza zao. Wabunge wa kusini, wakiwamo wa chama tawala, walipinga, lakini wingi wa kura ukashinda. Novemba mwaka huo huo, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi, Rais alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nia ilikuwa kumtetea mkulima, na bei ilikuwa nzuri kuliko ile aliyoikataa. Lakini mnunuzi alibaki mmoja, malipo ya wengi yakachelewa, na mavuno ya msimu huo yakashuka chini ya tani 230,000. Katika msimu wa 2024/25 yamepita tani 500,000.

Mtu atasema, "Basi chama ni kile kile, nacho kimeangusha na kimeinua." Ni kweli, na hapo ndipo penye fundisho. Zao halikupanda wala kushuka kwa sababu ya rangi ya bendera. Lilishuka pale uamuzi ulipofanywa bila kusikiliza, na pale fedha za zao zilipochukuliwa zisirudi shambani.

Majirani zetu wa Kenya wanatufundisha upande wa pili. Chini ya KANU, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazina yao iliporwa katika kashfa ya Goldenberg kwa kisingizio cha dhahabu iliyouzwa nje. Mwaka 2002 wananchi waliiondoa KANU kwa kura, wakaiweka NARC. Uchumi uliokuwa ukikua kwa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 ulikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007. Hata hivyo, kufikia 2004 kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa imeibuka ndani ya serikali mpya, na mwanzoni mwa 2008 ghasia za uchaguzi ziliua watu zaidi ya elfu moja na kuuangusha uchumi ule. Kubadilisha chama ni haki ya raia, na wakati mwingine ni dawa. Lakini chama kipya kikikuta kufuli limevunjika, nacho huingia ghalani.

Kwa mantiki hiyo, tunasema mambo matatu. Kwanza, chama cha ushirika kisiwe ngazi ya kupandia vyeo vya kisiasa. Anayesimamia mizani ya wakulima asiwe yule yule anayeomba kura zao. Pili, makato yote yabandikwe hadharani, kwa shilingi na senti, mahali ambapo hata bibi kizee anaweza kusomewa na mjukuu wake. Ikumbukwe kwamba mwaka 2013 huko Liwale nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya pili ambayo wakulima hawakuyaelewa. Tatu, diwani au mbunge aliyethubutu kuwatetea wakulima dhidi ya msimamo wa chama chake asiachwe peke yake. Wapiga kura wamwulize alipiga kura gani, wamshukuru au wamwajibishe, bila kujali kadi aliyo nayo mfukoni.

Nasi mapadre na walei wenye nyadhifa hatujatengwa na neno hili. Tukilialia juu ya hesabu za serikali, huku hesabu za parokia zikisomwa kwa haraka baada ya tangazo la mwisho, tutakuwa tunakitazama kibanzi katika jicho la ndugu yetu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayepanga, anayepima na anayelipa? Je, ni mtu au kundi moja?

2. Mara ya mwisho hesabu za chama chetu cha msingi zilisomwa lini, na nani aliuliza swali?

3. Je, tunamwogopa nani, na woga huo unatugharimu kiasi gani kila msimu?