Tovuti ya Chama Iwe Mikononi mwa Wanachama

WAKULIMA wa Mkuyuni na vijiji jirani vya milima ya Uluguru hulima mdalasini, karafuu, pilipili manga na ndizi. Siku hizi wanunuzi wengi huulizia mali kwa simu kabla ya kufunga safari. Kwa hiyo chama cha ushirika kinapoamua kufungua tovuti hakitafuti anasa, bali soko. Swali ni hili: tovuti hiyo iendeshwe kwa mfumo gani?

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayomwezesha mtu asiye fundi kuandika habari, kubadili bei na kuweka picha. WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, na Joomla, iliyotolewa mwaka 2005, hazina malipo ya leseni. Mifumo mingine hulipiwa ada kila mwezi, na mingine hutengenezwa na fundi mmoja anayeielewa peke yake. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa. Fundi akihama, bei za msimu uliopita hubaki pale pale, na mnunuzi hudhani chama kimekufa.

Wananchi wa Uluguru wanalijua somo hili. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo kwa sababu Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Waliobuni mpango huo hawakuwa wachimbaji, nao ukavunjika. Mpango usiolingana na nguvu za watekelezaji haudumu.

Kwa hiyo tunavishauri vyama mambo manne. Kwanza, kabla ya mkataba kutiwa saini, katibu abadili bei kwa mkono wake mwenyewe mbele ya kamati. Akishindwa, mfumo huo haufai. Pili, jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama, na nywila zijulikane na kiongozi zaidi ya mmoja. Tatu, chama kiwe na uwezo wa kuchukua maandishi na picha zake na kuhamia kwingine. Nne, fedha za matunzo zitengwe kila mwaka, maana hata programu ya bure isipofanyiwa marekebisho huwafungulia wezi mlango.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti nayo ni daftari la chama. Haifai hata kidogo likae nyumbani kwa fundi.