Msimbo wa Tarakilishi Nao ni Matini

Katika idara nyingi za Kiswahili, uandishi wa programu za tarakilishi huachiwa wanasayansi. Mazoea haya yana gharama. Mnamo Machi 2013, katika ukumbi wa Bomas, Lang'ata, skrini za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka zilionyesha kura zilizokataliwa zikipita 300,000 ilhali hesabu haijakamilika. Tume ilikuja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo kwa nane. Fomu za karatasi zilipojumlishwa, zilipatikana 108,975.

Kinachotisha hapa ni utulivu wa kosa lenyewe. Kosa hilo halikuikwamisha programu wala kuifanya ilalamike. Mnamo tarehe 9, Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa ameipita nusu kwa kura zipatazo 8,400 tu. Lau zile 300,000 zingebaki katika jumla, asingeifikia.

Mashine hutii msimbo; anayeusoma ni binadamu atakayekuja kuukarabati. Mwanaprogramu akikiita kigeu chake "k", msomaji huyo abashirie nini: kura, kituo, kaunti au zilizokataliwa? Jina refu halimgharimu mwandishi chochote. Aidha, sharti la mstari mmoja, kwamba kura halali na zilizokataliwa zisizidi idadi ya waliosajiliwa kituoni, huweza kuilazimu programu kusita badala ya kudanganya.

Utata haukuishia kwenye seva. Wengi walizungumzia "kura zilizoharibika", ilhali karatasi iliyoharibika hurudishwa kwa msimamizi wa kituo kabla ya kutumbukizwa sandukuni, na iliyokataliwa hugunduliwa wakati wa kuhesabu. Katiba nayo inadai zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Ilibidi Mahakama ya Juu, jijini, iamue tarehe 30 Machi kwamba zilizokataliwa hazimo. (Ofisi za Tume zilikuwa Anniversary Towers, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtaalamu wa semantiki angefika kwa miguu.)

Utata wa maana hufundishwa na kutahiniwa katika idara za Kiswahili mwaka baada ya mwaka, kwa mifano ileile ya sentensi za vitabuni. Wanafunzi wa tarakilishi wa Chiromo wana mifano hai zaidi, na hakuna kanuni inayowazuia wahadhiri wa pande hizo mbili kuitahini pamoja.